Msitu wa Ituri na Watu Wake

Mji wa Bunia uko juu ya uwanda wa nyasi, kwenye kimo cha takriban mita 1,270 kutoka usawa wa bahari. Mashariki yake ardhi huporomoka ghafla hadi Kasenyi, bandari ya Ziwa Albert. Kusini-magharibi barabara hushuka polepole hadi Komanda, kisha hupinda kuelekea Mambasa, Epulu na Nia-Nia, na mwisho wake ni Kisangani. Kabla ya kufika Mambasa nyasi hukoma na msitu huanza: zaidi ya kilomita za mraba 60,000 za miti, zilizokatwa na mito isiyokauka mwaka mzima. Mvua inayoanguka kwenye mteremko wa ziwa huingia katika maji ya Nili. Inayoanguka Bunia hufuata mto Shari hadi mto Ituri, ambao hupokea Lenda, Epulu na Nepoko, hubadilika jina kuwa Aruwimi, na kumwagikia mto Kongo mjini Basoko.

Mti unaotawala sehemu kubwa ya msitu huo ni mbau. Mahali unaposhika mizizi hauachi nafasi kwa miti mingine. Mtu anaweza kutembea kutwa akiona mashina ya aina moja tu, chini ya kivuli kizito ambamo hata magugu ni machache. Mbegu zake ni kubwa, na zinapoanguka nguruwe mwitu huzifuata kwa makundi. Nje ya msimu huo mbau humpa binadamu chakula kidogo. Penye mchanganyiko wa miti, kwenye kingo za mito na kwenye mashamba yaliyoachwa, ndiko kuna matunda, viazi vikuu vya mwitu, asali na wanyama wengi zaidi. Watu wa Ituri wamelijua jambo hilo tangu zamani, na makambi yao yalifuata ramani hiyo.

Wageni wengi waliouandika msitu huu waliugeuza kuwa nchi ya hadithi: giza la tangu kuumbwa kwa dunia, wakazi wafupi wasio na jana wala kesho. Picha hiyo ilikuwa ya uongo, na iliwaumiza watu. Ituri ina historia ndefu, na kiini chake ni ujirani: jamii zenye lugha na kazi tofauti zilizotafuta namna ya kuishi pamoja. Baadaye walikuja watu wa mbali, kila kundi likitaka kitu kimoja tu, na kila mara ujirani huo uliingia mashakani.

Dalili za kale zaidi ziko kusini mwa Bunia, kwenye mapango ya mlima Hoyo. Mwanaakiolojia Mbelgiji Francis Van Noten alichimba pango la Matupi katika miaka ya 1970 na kupata zana ndogo za mawe, baadhi zikiwa na umri wa miaka 40,000 hivi. Mifupa iliyokuwamo ilionyesha kwamba zamani, wakati dunia ilipokuwa na baridi na ukavu zaidi, mazingira ya pango yalikuwa ya mbuga. Kwa hiyo msitu wenyewe umekuwa ukisogea mbele na kurudi nyuma, na watu walikuwapo wakiushuhudia. Katika miaka ya 1980 baadhi ya wataalamu walidai kwamba binadamu hawezi kuishi ndani ya msitu wa mvua bila chakula cha shambani, hivyo wawindaji wa Ituri lazima waliingia nyuma ya wakulima. Uchimbaji wa Julio Mercader katika muongo uliofuata uliitikisa hoja hiyo: ndani kabisa ya msitu zilipatikana zana za mawe za watu walioishi humo muda mrefu kabla ya jembe.

Wazao wa wawindaji hao huitwa kwa jumla Wambuti. Si kabila moja. Upande wa mashariki na kaskazini wako Waefe, wanaosema Kilese; katikati na kusini wako Wasua, ambao lugha yao ni ya majirani zao Wabila; kaskazini-magharibi wako Waasua, wenye lugha ya jamii ya Kimangbetu. Kila kundi la Wambuti linasema lugha ya familia moja na ya wakulima fulani. Jambo hilo peke yake linaeleza urefu wa ujirani wao kuliko simulizi yoyote.

Wakulima walifika kwa njia mbili. Kutoka kaskazini na kaskazini-mashariki waliingia Walese na Wamamvu, wenye lugha zinazohusiana na za Sudani ya Kati. Kutoka magharibi na kusini walikuja wasemaji wa lugha za Kibantu: Wabila, Wandaka, Wambo na Wabudu. Wote walileta chuma, vyungu na makemba, zao lililoweza kustawi katika uwazi mdogo uliofyekwa na kuchomwa moto. Kwenye nyanda za juu karibu na Bunia historia ilienda njia nyingine. Huko wako Wabira wa nyikani, ndugu wa Wabila, pamoja na Walendu, Wangiti na Wanyali, na Wahema waliovuka na ng’ombe wao kutoka upande wa Bunyoro. Kaskazini zaidi, kuelekea Mahagi, wako Waalur. Jamii hizo ziliuona msitu kama ukingo wa nchi yao, ingawa chumvi, chuma na nyama vilipita pande zote mbili.

Uhusiano wa mkulima na Mmbuti ulikuwa wa ukoo kwa ukoo, hata wa nyumba kwa nyumba. Familia ya Walese ilikuwa na familia yake ya Waefe, na uhusiano huo ulirithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mwefe alileta nyama, asali, majani ya mangongo ya kuezekea na nguvu za mikono wakati wa kufyeka shamba. Mlese alitoa makemba, mihogo, karanga, vichwa vya mishale, visu na vyungu. Hakuna aliyehesabu siku kwa siku. Zawadi ya leo ilijibiwa baada ya miezi, na deni lenyewe ndilo lililowaunganisha. Watafiti waliopima chakula cha Waefe katika miaka ya 1980 waligundua kwamba zaidi ya nusu ya nguvu ya mwili wao ilitokana na mazao ya shambani.

Ni lazima pia kusema kwamba uhusiano huo haukuwa wa watu sawa. Wakulima walizoea kusema “Wambuti wangu”, kana kwamba wanataja mali. Mwanamke wa Kiefe aliweza kuolewa kijijini, lakini Mwefe kuoa binti wa Kilese lilikuwa jambo la nadra sana. Hata hivyo Mmbuti alikuwa na silaha moja ambayo mwenye shamba hakuwa nayo: akidharauliwa au kupunjwa, aliondoka. Kambi nzima ilibeba mizigo yake asubuhi, ikaingia msituni na kukaa huko miezi kadhaa, au ikahamia kwa mkulima mwingine. Mkulima aliyeachwa hivyo alibaki na shamba lisilofyekwa na sufuria isiyo na nyama. Uhuru wa kuondoka ndio uliomfanya mwenye kijiji apime maneno yake.

Uwindaji ulikuwa wa namna mbili. Wasua waliwinda kwa nyavu zilizosokotwa kwa nyuzi za mtambaa uitwao kusa. Wanaume waliziunganisha nyavu zao kuwa nusu duara kubwa. Wanawake na watoto walitoka upande wa pili wakipiga kelele na kuwaswaga wanyama, hasa mboloko na paa wengine wadogo wa msituni. Waefe walishika upinde. Walitumia mishale ya sumu kwa kima wa juu ya miti, na katika msako wa pamoja uitwao mota walitumia mbwa wasiobweka, wenye kengele za mti shingoni. Kwa nini majirani wawili katika msitu mmoja walitofautiana hivyo, ni swali lililojadiliwa sana. Jibu lenye nguvu zaidi linahusu wanawake: wake wa Waefe walipata chakula kingi zaidi kwa kufanya kazi katika mashamba ya Walese kuliko kwa kwenda kuswaga wanyama, na bila wao uwindaji wa nyavu haufai. Tembo alikuwa wa watu wachache, mabingwa waliomnyemelea hadi chini ya tumbo na kumchoma kwa mkuki.

Asali ilikuwa na heshima kuliko nyama. Katikati ya mwaka, maua ya miti mikubwa yanapokwisha, makambi yaligawanyika na kila mtu alisikiliza nyuki. Mwanamume alipanda mti wa zaidi ya mita thelathini akibeba kaa la moto lililofungwa ndani ya majani, akaufukizia mzinga moshi na kuteremsha masega kwa kamba. Wanawake nao walikuwa na sanaa iliyosifiwa hadi nje ya bara: magome ya mitini yaliyopondwa mpaka yakawa nguo laini, kisha yakachorwa mistari na vitone kwa utomvu mweusi wa matunda.

Mila ziliwakutanisha tena. Wavulana wa vijijini waliingia jandoni katika nkumbi pamoja na wavulana wa Kimbuti, na waliotahiriwa pamoja walikuwa kare, ndugu wa maisha. Wambuti walikuwa pia na yao: elima, sherehe ya wasichana waliovunja ungo, na molimo, nyimbo za usiku za kuuamsha msitu baada ya msiba. Wakulima walijua molimo ipo. Hawakuiingilia.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 pembe za ndovu zilileta Wangwana, wafanyabiashara Waswahili. Misafara yao iliyotoka Unguja na pwani ilikuwa imejijenga Nyangwe na Kasongo, kwenye mto Lualaba, na kutoka huko ilipanda kaskazini na watu wa Manyema. Kufikia miaka ya 1880 ilikuwa ndani ya Ituri. Mkubwa mmojawapo alikuwa Ugarrowwa, mtu wa Unguja aliyeitwa hapo awali Uledi Balyuz. Mwingine alikuwa Kilonga-Longa, wakala wa mfanyabiashara Abed bin Salim, mwenye kituo huko Ipoto. Mbinu yao ilikuwa ya kikatili. Kijiji kilishambuliwa, wanawake na watoto wakashikwa, na wenyewe wakaambiwa walete pembe ili wawakomboe. Mashamba makubwa yalizunguka vituo, lakini mwendo wa siku kadhaa kuzunguka vituo hivyo nchi ilibaki majivu. Wakulima wengi walikimbilia makambi ya Wambuti, nao wakapokelewa. Wangwana waliacha pia vitu vilivyodumu: kilimo cha mpunga, Uislamu katika baadhi ya miji, na Kiswahili, ambacho leo ndicho lugha ya soko, kanisa na mtaa mjini Bunia.

Mpelelezi Henry Morton Stanley aliukuta msitu katika hali hiyo. Tarehe 28 Juni 1887 aliondoka Yambuya, kando ya Aruwimi, na watu 389, wengi wao wakiwa Wazanzibari, akienda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Walitembea miezi mitano bila kuiona nyasi. Njaa iliwaua kwa sababu vijiji walivyopita vilikuwa vimeshaporwa, na huko Ipoto baadhi ya wapagazi waliuza bunduki ili wapate mahindi. Walipotoka kwenye uwanda mwanzoni mwa Desemba, takriban nusu ya watu walikuwa wamekufa, wametoroka au wameachwa njiani wakiwa wagonjwa. Kitabu alichokichapisha mwaka 1890 kiliuonyesha msitu kama adui mwenye roho mbaya. Maandishi hayo hayo yana ushahidi wa chanzo halisi cha njaa ile, ila wasomaji wa Ulaya walilishika giza.

Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II iliwaondoa wafanyabiashara wa pembe na kuchukua nafasi yao, ikidai pembe na mpira kwa mabavu yale yale. Wageni wapya walipenda pia mambo ya ajabu. Wambuti walikuwa wamemweleza Stanley juu ya mnyama anayefanana na punda. Mwingereza Harry Johnston, kamishna maalumu wa Uganda, alipata vipande vya ngozi yake mwaka 1900, na mwaka uliofuata Karl Eriksson, ofisa Mswidi wa Dola Huru, alimpelekea ngozi nzima na mafuvu. Ulaya ikatangaza kuwa okapi amegunduliwa, akapewa jina la Johnston katika sayansi. Mnyama huyo alikuwa akiliwa na kusimuliwa Ituri tangu enzi na enzi. Mwaka 1905 mwindaji mmoja Mwingereza, James Harrison, aliwachukua hata watu: Wambuti sita walisafirishwa hadi London, wakaonyeshwa jukwaani, na sauti zao zikanaswa kwenye santuri kabla hawajarudishwa kwao.

Kilichobadilisha nchi zaidi kilikuwa dhahabu. Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia, Hannan na O’Brien, waliipata Kilo, kaskazini mwa Bunia. Machimbo ya Kilo, na baadaye Moto, yakawa serikali ndogo ndani ya serikali. Yalihitaji mikono, wapagazi na chakula, na vyote vilipatikana kwa amri: machifu walitakiwa kupeleka idadi ya wanaume, na vijiji kupeleka mihogo, mchele na samaki. Mwaka 1926 machimbo yalipewa kampuni ya Kilo-Moto. Bunia ilikua kwa biashara hiyo hadi ikaipita Irumu, iliyokuwa makao ya utawala.

Msituni amri ilikuja kwa njia ya barabara. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 serikali ya Ubelgiji iliwaondoa Walese, Wabila na Wandaka katika vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwapanga mstari mmoja kandokando ya njia ya magari kutoka Irumu kwenda Stanleyville, Kisangani ya leo. Huko wangeweza kuhesabiwa, kutozwa kodi, kuitwa kazini na kulazimishwa kulima pamba na mpunga. Madhara yake yanaonekana mpaka leo. Zamani kila ukoo ulikuwa na upande wake wa msitu na Wambuti wake. Baada ya kuhamishwa, koo zilibanana barabarani huku ardhi za mababu zikibaki mwendo wa siku mbili au tatu ndani. Mambasa ya leo ilizaliwa hivyo. Wambuti kwa muda mrefu hawakulipa kodi, wakaendelea kuingia na kutoka, na kwa miaka mingi ndio waliokuwa macho ya wakulima katika nchi walizokatazwa kuishi.

Kwenye daraja la mto Epulu, Mmarekani Patrick Putnam alijenga kambi, zahanati na nyumba ya wageni katika miaka ya 1930, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1953. Padri Paul Schebesta alifika Ituri mwaka 1929, na mwanaanthropolojia Colin Turnbull katika miaka ya 1950. Kitabu cha Turnbull cha 1961 kilifanya jina la Wambuti lijulikane duniani kote. Kina upendo mwingi kwa watu wa kambi, na kwa kiasi fulani kinawaonea wakulima, ambao wamechorwa kama waoga wa msitu. Watafiti waliokaa na Walese miaka ya 1980, akiwamo Roy Richard Grinker, walirekebisha picha hiyo kwa kuonyesha kwamba pande mbili hizo ni nyumba moja yenye vyumba viwili.

Uhuru wa 1960 haukuleta utulivu. Kibali-Ituri ilikuwa jimbo kwa muda mfupi, kati ya 1962 na 1966; katikati, mwaka 1964, waasi wa Simba waliiteka nchi yote hii, na barabara ya msituni ikarudiwa na magugu. Sheria ya ardhi ya 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya dola. Kwenye nyanda za juu, wenye pesa na elimu waliweza kupata hati za mashamba makubwa yenye watu ndani. Mgogoro wa mashamba ya aina hiyo katika eneo la Djugu uliwasha vita vya 1999 hadi 2003 kati ya wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu, huku majeshi ya nchi jirani yakiwapa silaha. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 50,000 waliuawa. Mapigano ya Bunia ya Mei 2003 yalileta jeshi la Umoja wa Ulaya mwezi uliofuata. Msituni, mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2003, raia wa eneo la Mambasa, wakiwamo Wambuti, waliporwa, walibakwa na kuuawa na askari wa makundi mawili ya waasi yaliyokuwa yakisonga mbele kutoka magharibi.

Hifadhi ya Wanyama ya Okapi iliundwa mwaka 1992, ikiwa na kilomita za mraba 13,726 na makao yake Epulu. UNESCO iliitangaza urithi wa dunia mwaka 1996. Mwaka mmoja tu baadaye iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tarehe 24 Juni 2012 kundi la wanamgambo wa Mai-Mai la Paul Sadala, aliyeitwa Morgan, lilishambulia Epulu, likaua watu na okapi 14 waliotunzwa kituoni. Leo shinikizo linatoka kila upande: wachimbaji wa dhahabu na mashine zao mitoni, wakataji mbao, wakulima wa kakao kutoka kusini, na tangu miaka michache iliyopita mauaji ya waasi wa ADF katika Irumu na Mambasa. Kambi nyingi za Wambuti zimekimbilia pembezoni mwa miji, ambako hakuna msitu wa kuondokea. Silaha yao ya zamani imepotea, na mwenye shamba au mwenye mgodi hana tena sababu ya kupima maneno yake.

Njia mbili za kisheria ziko wazi. Amri ya 2014 inaruhusu jamii kumiliki kwa desturi msitu wa hadi hekta 50,000, na Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Wambuti na wenzao nchini kote, pamoja na haki yao juu ya ardhi wanayoitumia kwa desturi. Maombi ya misitu ya jamii huandaliwa kijijini, na kijiji ndicho chenye karani, muhuri na chifu anayetambuliwa. Kambi haina vyote hivyo. Ombi lolote la Ituri lisilobeba majina ya koo za Wambuti pamoja na ya wakulima linastahili kurudishwa barazani kabla halijapelekwa Bunia.